CorelDRAW na PageMaker za zamani kwenye Windows 10 na 11: ninavyofanya dukani Mwanjelwa

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imeshika kweli, mama mmoja wa Uyole aliingia dukani na kadi ya mchango wa harusi ya mwaka 2009. Alikuwa ameitunza kwenye pochi, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na picha. "Mwanangu, hii mlitengeneza nyie, ya dada yake. Sasa ni zamu ya mdogo mtu, naye anataka ileile." Nikamwambia, sawa mama, njoo keshokutwa. Faili ninalo, maana kazi zote za tangu nianze nimezitunza. Ila lilichorwa kwa programu ya kuchorea ya CorelDRAW, toleo la X3, mashine yenye X3 ilikufa masika yaliyopita, na laptopu niliyonunua baadaye ilikuja na Windows 11.

Najua siko peke yangu. Pita stesheneri za Kabwe mpaka Mafiati, au nenda Makambako na Iringa mjini, utakuta wenzetu wenye kazi za miaka kumi, kumi na tano: vitabu vya risiti, lebo za mifuko ya mchele wa Kyela, mitihani ya shule, fulana za mahafali. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi wanahama sasa hivi, wakitaka wasitake. Haya ndiyo ninayofanya mimi. Maneno ya kwenye skrini nimeyaacha kwa Kiingereza chake, maana ndivyo utakavyoyaona.

Kwa nini nisitumie tu toleo jipya

Kwa kazi mpya, tumia. Sina ugomvi na hilo. Shida ni kazi za zamani. CorelDRAW X5 iliyotoka mwaka 2010 ilibadilisha namna programu inavyosimamia rangi. Faili la X3 au la CorelDRAW 12 likifunguliwa kwenye X5 na kuendelea, kijani cha sare ya kwaya kinaweza kuonekana si kile mwenyekiti wao alichokikubali. Maandishi nayo husogea kidogo, mstari wa mwisho unashuka, na kadi iliyokuwa imejaa vizuri inamwaga neno nje. Mteja anayetaka "ileile" huyaona hayo kabla yako.

PageMaker, programu ya kupanga kurasa, ndiyo ngumu zaidi, maana haina toleo jipya la kukimbilia. Ya mwisho ni 7.0, ya mwaka 2001. Adobe, wenye PageMaker, walihamia programu yao nyingine ya kupanga kurasa, InDesign, na InDesign yenyewe iliacha kufungua mafaili ya PageMaker baada ya toleo la CS6. Ukiwa na InDesign ya kulipia kwa mwezi, faili lako la .pmd halitafunguka hata ukilibembeleza.

Kwa hiyo mimi programu ya zamani naitumia kama ufunguo wa stoo. Naingia, natoa kilichomo, nafunga. Kazi ya leo naifanyia kwenye programu ya leo.

Kwanza kabisa: hamisha mali, usihamishe mashine

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia. Kuna mwaka fundi mmoja alinipigia windo upya, yaani alifuta Windows akaiweka nyingine. Nikamsisitiza, kazi zangu zipo kwenye sehemu ya diski iitwayo D, usiguse D. Hakuigusa, alikuwa mwaminifu kabisa. Nilipofungua kadi ya kwanza, jina la bibi harusi lililokuwa limepindapinda kwa mwandiko wa kalamu lilikuwa limevaa Arial. Ya pili Arial. Ya tatu Arial. Kazi zilikuwa D, fonti (mitindo ya herufi) zilikuwa C pamoja na Windows, na C ilifutwa.

Kwa hiyo kabla hujaanza lolote, kusanya vitu hivi kwenye diski ya nje. Flashi zinapotea, usiitegemee moja.

Mafaili ya kazi yenyewe, pamoja na picha zake. PageMaker mara nyingi haibebi picha kubwa ndani ya faili, inakumbuka tu njia ya folda ilipo. Ukinakili .pmd peke yake, utafungua ukurasa wenye picha zilizofifia zisizochapika.

Fonti zote, zilizomo kwenye folda ya Fonts ndani ya Windows ya zamani. Mashine ikiwa imekufa, usikate tamaa. Mara nyingi kilichokufa ni ubao mkuu au pawa saplai, diski ni nzima. Ichomoe, ichomeke kwenye adapta ya USB, ufungue kutoka mashine nyingine. Angalia tu aina ya diski kabla ya kununua adapta. Mashine za kale zina diski za IDE, zenye safu mbili za pini nyingi na waya mpana kama mkanda, zilizofuata ni SATA, zenye mdomo mwembamba bapa. Zipo adapta zinazopokea zote mbili, nunua hiyo.

CD ya programu na namba yake ya leseni. Laptopu za siku hizi hazina mlango wa CD. Tafuta mwenye draivu ya DVD ya nje, tumia ImgBurn, ambayo ni ya bure, kuigeuza CD iwe faili moja la ISO. Windows 10 na 11 hulifungua ISO ukilibofya mara mbili tu, likatokea kama CD imewekwa. Namba ya leseni iliyoandikwa kwenye kasha ipige picha leo, karatasi ile inafifia.

Ukishahamia kwenye Windows mpya, usizimwage fonti zote elfu tatu mara moja, CorelDRAW itachukua muda mrefu kuamka. Weka unazozitumia. Na hapa kuna kitu kidogo kinachowasumbua wengi: tangu toleo la 1809 la Windows 10, fonti ukiiweka kwa "Install" ya kawaida inawekwa kwa mtumiaji huyo mmoja tu, kwenye folda yake binafsi. Programu ya zamani haijui kuangalia huko. Unaiona fonti kwenye Word, kwenye CorelDRAW haipo, unaanza kulaumu vairasi. Bofya fonti kwa kitufe cha kulia, chagua "Install for all users". Kwenye Windows 11 huenda ukahitaji kubofya "Show more options" kwanza ndipo uione.

Pima kama itawezekana

Biti ni kipimo cha ukubwa wa data ambayo mfumo unaishughulikia kwa mpigo mmoja. Windows 11 ipo ya biti 64 peke yake. Windows 10 ilikuwa na zote mbili, biti 32 na 64. Windows ya biti 64 inaendesha programu za biti 32 bila shida, ila za biti 16 inazikataa kabisa, hakuna mpangilio wa kuibembeleza. CorelDRAW 5 ya 1994 ilikuwa ya biti 16. Kuanzia CorelDRAW 6 ya 1995 wakaingia biti 32, na PageMaker 7 ni biti 32 pia. Kwa hiyo nyingi tunazozitumia hapa zina matumaini.

Kuna mtego mmoja: programu yenyewe inaweza kuwa ya biti 32, lakini kisakinishi chake kikawa cha biti 16. Ukibofya setup ukaambiwa "This app can't run on your PC" papo hapo, kabla ya dirisha lolote, dalili ni hiyo. Usipoteze jioni nzima, ruka hadi kwenye sehemu ya mashine pepe hapo chini.

Kitu kingine ni uhakiki wa leseni kupitia intaneti. Baadhi ya programu zilitaka kuwasiliana na seva ya kampuni, na seva za kale zinazimwa. Adobe waliizima ya programu zao za CS2 mwishoni mwa mwaka 2012. Hapo tatizo si Windows. Na zile "CorelDRAW za flashi" zinazouzwa mtaani zikiwa zimevunjwa kufuli, mimi nimeshaacha. Windows Defender, kinga ya vairasi ya Windows yenyewe, inafuta nusu ya mafaili yake na wakati mwingine ina haki, maana ndani mna mdudu kweli. Mwongozo huu ni wa mwenye CD na namba yake.

Kusakinisha

1. Andika "Create a restore point" kwenye sehemu ya kutafutia, utengeneze hapo alama ya kurudia. Mambo yakiharibika unarudisha mashine ilivyokuwa asubuhi.

2. Tafuta "Turn Windows features on or off", weka alama kwenye .NET Framework 3.5. Baadhi ya programu za zamani zinaihitaji na Windows mpya haiji nayo ikiwa imewashwa. Itataka bando, kwa hiyo fanya mahali penye mtandao wa kueleweka.

3. Nakili vilivyomo kwenye CD au ISO viingie folda ya kawaida, mfano C:\Setup. Usitegemee dirisha la kujifungua lenyewe, ingia ndani utafute setup.exe.

4. Ichague, bonyeza Alt na Enter kwa pamoja. Hii inafungua "Properties" bila kuhangaika na menyu. Nenda "Compatibility", weka alama kwenye "Run this program in compatibility mode for", uchague Windows XP yenye Service Pack 3. Weka alama pia kwenye "Run this program as an administrator". Kisha "OK", uianzishe.

5. Ikikuuliza pa kuiweka, usikubali Program Files. Andika C:\Corel au C:\PM7. Tangu Windows Vista, folda ya Program Files inalindwa, na programu za zamani zilizoea kuandika mipangilio yao ndani ya folda yao wenyewe. Windows haizikatalii waziwazi. Inachukua zilichoandika ikakificha kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani ya AppData ya mtumiaji. Matokeo yake kijana wako wa zamu ya jioni akiingia kwa akaunti yake, paleti za rangi ulizohifadhi asubuhi hazioni.

6. Zima uiwashe mashine. Rudia hatua ya nne, safari hii kwenye programu yenyewe, si kwenye njia ya mkato ya kwenye dawati. Kwa X3 ni CorelDRW.exe ndani ya folda ya Programs. Kwa PageMaker ni Pm70.exe. Kwangu X3 ilikubali na XP. Yako ikifunguka na kujifunga, jaribu Windows 7, kisha jaribu kuondoa alama zote, maana kuna wakati msaada wenyewe ndio unaoiharibu.

Imefunguka, lakini ina vituko

Aikoni zimekuwa ndogo kama punje za ulezi, au maandishi ya menyu yana ukungu. Programu hizi zilizaliwa enzi za skrini kubwa za kioo zenye nukta chache, na laptopu ndogo ya leo ina nukta nyingi mno. Rudi "Compatibility", bofya "Change high DPI settings", weka alama kwenye "Override high DPI scaling behavior", uchague "System" au "System (Enhanced)" uone ipi inasomeka.

Paneli zimepotea au menyu zimevurugika: kwa CorelDRAW, shikilia F8 wakati inaanza, itakuuliza kama irudishe mpangilio wa kiwandani. Kwa Photoshop shikilia Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja wakati inaanza, ukubali ifute mipangilio. Utapoteza njia za mkato ulizojitengenezea, ndiyo gharama yake.

Sasa printa. Hili halipewi uzito, na kwa PageMaker ndilo linaloua. PageMaker hupanga ukurasa kwa kuitazama printa iliyochaguliwa. Ukibadilisha printa, mistari inaweza kukatika pengine. Windows 10 na 11 nazo zina tabia ya kugeuza printa uliyoitumia mwisho kuwa printa kuu. Asubuhi umechapa barua kwenye leza, mchana unafungua kitabu cha risiti, mpangilio umehama na hujui kwa nini. Kwenye Windows 11, nenda "Settings", kisha "Bluetooth & devices", kisha "Printers & scanners", uzime "Let Windows manage my default printer". Halafu uchague mwenyewe printa moja kuu isiyobadilika. Kama huna printa iliyounganishwa, chagua "Microsoft Print to PDF", ilimradi nafasi hiyo isiwe tupu.

Na umeme. Ingia kwenye mipangilio ya CorelDRAW, utafute sehemu ya kujihifadhi, upunguze iwe dakika 5. Mwezi wa pili, radi zikianza kupiga juu ya mlima Loleza, utanikumbuka.

Ikigoma kabisa: Windows XP ndani ya Windows 11

Mashine pepe ni kompyuta ya kufikirika inayokaa ndani ya kompyuta yako. Inadhani ina diski yake na kumbukumbu yake, kumbe yote ni faili moja kubwa. Ndani yake unapiga Windows XP, na programu ya 2001 inajikuta nyumbani. Mimi natumia VirtualBox ya Oracle, ni ya bure. Unahitaji pia CD ya Windows XP na namba yake.

Laptopu iwe na angalau GB 8 za RAM. XP uipe GB 1 tu, inatosha na kubaki, na diski ya GB 20. Kabla ya hapo ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uwashe kipengele cha "Virtualization", kwa Intel utakikuta pia kwa jina la VT-x. Ukisahau hili, VirtualBox italalamika mara moja.

Ukiona kobe wa kijani kwenye ukingo wa chini wa dirisha, usidhani ni pambo. VirtualBox inakuambia kwamba Windows yako inatumia mfumo wake yenyewe wa mashine pepe, kwa hiyo hii ya kwako itatambaa. Rudi "Turn Windows features on or off", uondoe alama kwenye "Virtual Machine Platform" na "Windows Hypervisor Platform", uwashe upya. Kobe akibaki, chanzo huwa ni "Memory integrity" kwenye "Windows Security". Hiyo ni ulinzi wa kweli, sikushauri uizime kwenye mashine unayofanyia mambo ya benki. Mimi nimemwacha kobe. Kufungua kadi na kuitoa kama PDF hakuhitaji mbio.

XP ikishakaa, weka "Guest Additions", programu saidizi ya ndani ya XP, kutoka menyu ya VirtualBox, ndipo utengeneze folda ya pamoja. Faili unaliweka kwenye folda hiyo ukiwa Windows 11, unalikuta ndani ya XP, na kinyume chake. Usihangaike kuunganisha printa yako mpya na XP, draiva hazipo. Toa PDF, uichape ukiwa nje. Na usiipe XP intaneti hata kidogo. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, ni nyumba isiyo na mlango. Kwenye mipangilio ya "Network", ondoa alama ya kuwasha kadi ya mtandao.

Ukimaliza kusakinisha, izime XP kwa njia yake ya kawaida, unakili faili lake lenye mwisho wa .vdi kwenye diski ya nje. Umeme ukikatika katikati ya kazi na XP ikagoma kuamka, unarudisha nakala hiyo, dakika kumi umerudi mezani.

Unataka faili tu, programu huihitaji

LibreOffice Draw ni programu ya kuchorea ya bure na inafungua .cdr ya CorelDRAW, pia .pmd ya PageMaker na hata mafaili ya FreeHand, programu nyingine ya zamani ya kuchorea. Inkscape nayo inafungua .cdr za zamani. Usitegemee ikae kama ilivyokuwa: vivuli vinapotea, maandishi yanasogea. Kama unachotaka ni nembo ya shule au mchoro wa muhuri, inatosha kabisa. Kwa kitabu cha kurasa 80 cha PageMaker, tafuta mwenye InDesign CS6 akifungue na kukihifadhi upya.

Na kila unapofanikiwa kufungua kazi ya zamani, usiifunge hivihivi. Hifadhi nakala mbili: moja PDF ya kuchapia, nyingine ambayo maandishi yake umeyageuza kuwa mistari kwa Ctrl na Q kwenye CorelDRAW. Ya pili haihitaji fonti tena milele, ila huwezi kusahihisha neno, kwa hiyo ile ya asili ibakie pembeni.

Ile kadi ya mama wa Uyole haikufika hata kwenye mashine pepe, X3 ilifunguka yenyewe. Nikabadilisha jina la bibi harusi na la bwana harusi, tarehe na ukumbi, nikaongeza chini namba za simu za kutuma mchango, ambazo mwaka 2009 kadi ile haikuwa nazo. Keshokutwa yake mama akaishika mpya mkono mmoja na ya zamani mkono mwingine, akazitazama kwa muda. "Mbona maua ya huyu mdogo yanang'aa kuliko ya dada yake?" Nikamwambia, mama, hayo ya dada yake yamekaa kwenye pochi tangu 2009.